Udongo Mweusi Kaburini

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumruhusu jirani abebe udongo niliouchimbua kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa.

Nilikuwa nimekinunua, kando ya barabara ya Kemondo, nikisafishe kisha nijenge. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Nilisoma kwenye simu, nikaandika daftarini, nikafuta, nikaandika tena. Mimi na vibarua tulipoyatoa matangi yaliyokuwa chini ya ardhi, moja lilikuwa limetoboka, na udongo uliolizunguka ulikuwa mweusi tii. Jirani, mama mjane, alipouona akasema udongo kama ule ndio unaotakiwa kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Kwetu udongo mweusi ni ule ulioshiba samadi na nyasi zilizooza. Harufu ya dizeli niliisikia. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, harufu ikawa hafifu, nami nikaona aibu kumnyima. Akachukua matoroli manne, akaumwaga kwenye migomba inayozunguka kaburi la mumewe.

Baada ya miezi miwili majani yakaanza kukauka kuanzia pembeni. Nilijua mara moja kuwa ni ile dizeli. Kila asubuhi nilipanga maneno ya kumwambia, na kila asubuhi niliona hayajakaa sawa. Wiki nzima ikapita hivyo, yeye akizidi kupeleka nyasi na majivu pale kaburini.

Siku ya nane nilikwenda kumwamkia, nikamweleza yote, hata habari ya harufu. Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akauliza, "Na hiyo wiki ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kusema, mama."

"Mimi nilidhani nimemtunza vibaya marehemu," akasema. "Wiki nzima namwomba msamaha."

Nikaenda kuchukua toroli. Tuliuondoa ule udongo kwa majembe, ila karibu na kaburi tulitumia mikono, maana hakutaka jembe liguse pale. Mimi nilivaa glovu, yeye alizikataa. Migomba sita tuliing'oa. Mmoja, uliokuwa mbali kidogo, alisema tuuache tuone.

Sasa nasafisha kituo cha pili, Muleba. Udongo wake nimeufunika kwa turubai, sampuli nimepeleka kupimwa, na majirani wa pande zote nimeshawaambia kuna nini humo, kwa maneno ambayo sikuyapanga.