Halua ya Moshi

Nikipita mtaa wa La Rochelle nikasikia harufu ya sukari inayoungua, najua ni duka la halua la ukoo wetu. Nafunga kioo cha gari.

Nilipokuwa mdogo, bibi ndiye aliyesonga halua kule nyuma. Mwanawe, baba mkubwa, alikaa mbele na kanzu iliyopigwa pasi, mikono laini kama ya bwana harusi, akiwasimulia wateja urithi wa mababu.

Halua ikiwa motoni, mwiko hausimami. Siku moja bibi alikwenda kuswali, akamwachia baba mkubwa mwiko. Akakoroga kama anayekoroga chai, kisha simu ikalia, akatoka nayo nje. Nilipoona moshi nikamwita. Akaninyooshea kiganja, ningoje.

Bibi aliporudi, halua ilikuwa imeshika chini, nyeusi.

"Imwage," alisema.

"Eish, mama, samli yote hii?"

Akaipakua, akaipeleka mbele. "Leo tumepika ya moshi," akawaambia wateja. "Ndivyo walivyopika wazee wetu Unguja."

Wakaila wamefumba macho.

Sasa duka analo mtoto wa baba mkubwa. Huiunguza makusudi kila asubuhi, na akiulizwa, anasema ni siri ya bibi.