Siku Baba Alipomfungulia Mwalimu Njia

Mavi ya ngamia yakikauka sawasawa hayanuki kitu, hadi yapate maji. Hapo ndipo yanapotoa harufu ya majani makavu na moshi wa mbali. Si harufu mbaya, lakini mimi huniinamisha kichwa. Wiki jana mvua ilivuja katika chumba nilichopanga, ikalowesha koti la baba alilolisahau kwangu alipokuja Garissa kutibiwa macho. Nilipotia mkono mfukoni nilizikuta kete zake za shax, nyeusi, kila moja kama tende. Nikaketi kitandani, na kwa muda nikawa tena msichana wa darasa la saba anayeiomba sakafu immeze.

Kama huijui shax, ni mchezo wa wafugaji wetu. Unachora miraba mitatu mchangani, mmoja ndani ya mwingine, kisha unaiunganisha kwa mistari. Mmoja huchezea vijiti au mawe, mwingine mavi ya ngamia, maana porini hivyo ndivyo vilivyopo. Ukizipanga kete zako tatu kwenye mstari mmoja, unakula moja ya mwenzako. Watazamaji nao hawanyamazi. Wanashauri, wanakebehi, wanaapa kwamba wao wangecheza vizuri zaidi.

Ilikuwa miaka ya tisini, baada ya ukame. Mama alitangulia nasi mjini, akawa anauza maziwa sokoni, na kila jioni tulitazama barabara ya Habaswein tukimngoja baba na ngamia wake. Alikuja na fimbo na koti tu. Hata chai hakunywa. Alichora shax mbele ya mlango, akawaita wadogo zangu, akawa anawafundisha huku akijifanya kushindwa, nao wakacheka mpaka majirani wakachungulia. Mama aliingia ndani na hakutoka tena jioni ile. Mimi nilisimama pembeni nikawaza: mtu amepoteza mali yake yote, naye anacheza!

Kesho yake alicheza tena, na siku zilizofuata, pamoja na wanaume wengine waliobaki bila mifugo. Walikaa kwenye kivuli cha darasa letu, chini ya dirisha, wakati mama akiwa sokoni na madebe yake. Mabishano yao yalituingilia katikati ya hesabu. Sauti ya baba niliitambua kabla ya nyingine zote.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Mutiso, alikuwa kijana kutoka Ukambani, aliyeletwa huku na serikali. Alipenda kuchimba maneno kama mtu anayechimba kisima. Siku moja aliandika ubaoni: amusement. Leo maana yake ni burudani, alisema, kitu cha kukuchangamsha. Lakini ukilifuata nyuma hadi kwa Wafaransa unakuta neno la mtu aliyekodoa macho, kinywa wazi, na wengine husema mzizi wake ni pua ya mnyama iliyoinuliwa hewani ikinusa. Waingereza walipolichukua, mwanzoni lilikuwa neno la hila: kumshughulisha mtu atazame huku, asione kinachotendeka kule. Akainua kidole cha kulia hewani, sote tukakitazama, na kwa mkono wa kushoto akachukua kalamu ya Abdinoor. Tulicheka sana.

"Sasa niambieni," akasema, "kwenu mnaburudika na nini?"

Abdinoor, aliyetaka kulipiza kalamu yake kwa mtu yeyote, alikuwa wa kwanza, kwa ile lafudhi yetu inayogeuza p kuwa b. "Mwalimu, uliza Shukri! Baba yake iko na shax tangu asubuhi mbaka jioni. Hata bunda ikikula nyumba yake, yeye hasikii!"

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikwenda dirishani, akatazama chini kwa muda, kisha akaita, "Mzee, hebu karibu darasani utufundishe."

Nilidhani baba angekataa. Aliingia, akavua kandambili mlangoni kana kwamba anaingia msikitini, na kicheko kikaanza upya. Alichora miraba kwa chaki sakafuni, akampa mwalimu vipande vya chaki viwe kete zake, kisha akatia mkono mfukoni na kumimina zile zake.

"Wallahi ni mavi!" mtu akapiga kelele. Wasichana wakaziba pua kwa shela zao, ingawa, kama nilivyosema, hayakunuka kitu. Kiswahili cha baba kilikuwa kidogo, kwa hiyo mwalimu aliniita mbele nitafsiri. Nilitembea nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Walicheza. Baba hakuwa na haraka. Taratibu alimzunguka mwalimu, akamziba huku na kule, mpaka chaki zikakosa pa kwenda. Darasa zima likakodoa macho, vinywa wazi, nami kwa mara ya kwanza nikainua uso.

Mwalimu akajipangusa magoti. "Haya, nimeshindwa."

"Bado, mwalimu," baba akasema. "Keti." Kisha akanigeukia na kuongea Kisomali.

"Anasema..." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Anasema ukimfunga mwenzako pande zote, mchezo haujaisha. Aliyefunga ndiye anayefungua. Lazima akupe njia."

Dirishani wenzake walikuwa wameshajazana. "Ile ya pembeni! Sogeza ya pembeni!" Baba aliigusa ya pembeni, akaiacha, akasogeza ya katikati, iliyokuwa imeshikilia zote. Wazee wakaguna kama waliopigwa. Mwalimu akapita pale, akala moja, akala nyingine, na kengele ilipolia baba alikuwa amekwisha.

Darasa lilimshangilia mwalimu. Abdinoor aliniinamia sikioni. "Shukri, hata hiyo kazi yake ya bekee imemshinda!"

Baba aliokota kete zake moja moja, akazipuliza vumbi la chaki, akazitia mfukoni na kumshukuru mwalimu kwa kumkaribisha.

Njiani nilimfuata kwa nyuma, mbali kidogo, watu wasituone pamoja. Mwishowe nikashindwa kuvumilia. "Aabo, kwa nini hukusogeza ile ya pembeni?"

"Ile ni njia ya jina tu, aabo," akajibu, kwa maana kwetu baba humwita mtoto kwa neno lile lile analoitwa yeye. "Angetoka hatua moja, nimfunge tena. Yule kijana yuko peke yake hapa. Ukimpa mtu njia, mpe inayopitika."

"Lakini wamekucheka."

"Wamecheka," akakubali, kama mtu anayeulizwa kama jua limetua.

Tangu nihitimu chuo nimekuwa nikitafuta kazi, na mwezi uliopita, kwenye usaili, waliniuliza kwa Kiingereza hujiburudisha vipi.  Nilikiona tena kile kidole cha Mwalimu Mutiso hewani. Huenda nafikiri kupita kiasi, watu huniambia hivyo, lakini sasa ninaamini kwamba jioni ile mlangoni baba alikuwa akituinulia kidole. Alitaka wadogo zangu wautazame mchanga, wasiitazame barabara nyuma yake ambako hapakuwa na ngamia hata mmoja. Mama peke yake ndiye aliyeitazama.

Na kuna jambo jingine nililochelewa kulitambua. Wenzake wote chini ya dirisha walichezea mawe na vifuniko vya chupa. Mjini vilikuwa vingi. Baba peke yake alikuja na kete zake mfukoni, kutoka huko alikotoka. Sijawahi kumuuliza zilitoka kwa ngamia yupi.

Nimezianika dirishani. Moja imelowa ikasagika, na baba anakuja Alhamisi kuchukua koti lake. Macho yake bado hayaoni vizuri. Soko la mifugo haliko mbali, na huko mavi ya ngamia ni ya kuokota tu. Mara mbili nimevaa viatu niende, na mara mbili nimevivua. Wale si ngamia wetu.