Siku Nilipoficha Kiberiti

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na leo naitoa kwa hiari yangu kwa sababu mkiisikia kwa watu wa Natta mtaisikia vibaya zaidi (wao huongeza kwamba nililia, na mimi sikulia, ulikuwa moshi).

Ilikuwa wakati ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa kijana wa Tarime niliyeacha shule darasa la tano, si kwa ujinga, ila miguu yangu ilikataa kukaa chini ya dawati wakati barabara inapita nje. Asubuhi hiyo niliamka Mugumu, nikanawa uso, nikaondoka, na ungeniuliza naenda wapi ningekujibu tu kwamba naenda mbele. Mfukoni mwa shati nilikuwa na kopo la tumbaku, na ndani ya kopo kiberiti chenye njiti nne. Msicheke, siku zile viberiti vilikuwa havionekani dukani, na mtu mwenye njiti nne alitembea kifua mbele.

Jua halijakolea, nikamwona mbele yangu bibi mmoja mwembamba, mwenye fimbo, na kichwani amebeba chungu kilichomeguka mdomo, kinafuka moshi. Mtu anatembea huku kichwa kinafuka, ungekuwa wewe ungempita? Nikamkimbilia.

"Shikamoo bibi. Umepika nini humo kisichoweza kusubiri ufike?"

"Marahaba. Napika maswali ya vijana," akasema, "na bado hayajaiva."

Jina lake Bibi Nyamburi. Akanieleza, huku tunatembea, kwamba ukoo wao, nyumba saba, umehamia kijiji kipya huko Natta, na yeye alibaki nyuma peke yake kulinda moto mpaka nyumba mpya ziezekwe. Kwao moto wa jikoni hauwashwi upya, unahamishwa. Aliupokea kwa mama mkwe wake, naye kwa mama mkwe wake, kurudi nyuma mpaka mahali majina yanapoishia. Alfajiri ile alichota makaa, akayafunika kwa majivu na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kisha akalimwagia maji jiko la zamani, kama wanavyofanya, akaondoka bila kugeuka. Huko mbele nyumba saba zilikuwa hazijapika asubuhi hiyo, zinamngoja.

Nilisisimka mwili mzima. Moto uliowahi kuona nyuso za watu ambao hakuna tena anayewakumbuka! Nikaomba kubeba, naye akanipa, kichwa kwa kichwa, juu ya kofia yangu.

Mbele kidogo tukamkuta fundi cherehani amepumzika kivulini, baiskeli yake imebeba cherehani nzima, na mkononi ana pasi ya mkaa, baridi kabisa. Fundi Salehe, Mwislamu wa pale Mugumu, kofia safi, maneno mengi.

"Wapendwa, mna moto? Hii suruali ni ya bwana harusi, na njiani imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Mkaa ninao, kiberiti sina. Kijana, wewe unanukia tumbaku, hukosi kiberiti."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Njiti nne zilikuwa hapa, kifuani. Nikatazama juu kama mtu anayehesabu ndege, nikasema, "Sina, fundi."

Bibi akaniangalia kidogo tu. "Mjukuu, shusha chungu."

Akafukua majivu, akampa makaa matatu, tena yale makubwa, na akasimama kumsaidia kupuliza mpaka pasi ikashika. Mimi roho inaniuma kana kwamba moto ni wa mama yangu. Tulipoondoka nikamwambia, "Bibi, ukigawa hivi tutafika na majivu."

"Nimewagawia watu moto huu tangu niolewe," akasema, "na leo bado umeniunguza vidole."

Sikuelewa. Niliwaza tu kwamba tukikutana na waombaji wengine wawili tumekwisha, kwa hiyo nikamwambia natangulia kwa njia ya mkato, yeye afuate barabara taratibu, tutakutana mlangoni mwa kijiji, na kabla hajajibu nikawa nimeshachapuka, chungu kichwani, najiona mtu wa maana sana katika historia ya ukoo usio wangu.

Njia ya mkato ilikatiza korongo lenye maji ya magotini. Jiwe la kwanza nilikanyaga vizuri, la pili pia. La tatu lilikuwa na utelezi, na mimi nilikuwa natazama ng'ambo, nikaenda chini mzima mzima, na chungu kikasema chwaaa! Sauti hiyo bado naisikia. Miaka yote ile, mama wakwe wote wale, wamezimwa na mzururaji mmoja kwa sekunde moja.

Sasa mtu mwenye akili angekaa akamngoja bibi, akasema ukweli. Mimi nikafungua kopo la tumbaku, ndani kukavu. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Ya pili ikashika nyasi, nyasi zikashika kinyesi kikavu cha ng'ombe nilichookota ng'ambo, na punde chungu kikafuka kama zamani. Bibi alinikuta mlangoni mwa kijiji nimekaa, natabasamu.

Tulipokewa kwa vigelegele. Mzee Makuru, shemeji yake, akaweka mikono juu ya chungu, akawataja wazee wao mmoja mmoja, kisha akamshukuru "kijana huyu wa Tarime aliyewabeba wazee wetu kichwani." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na maji yakatiririka kutoka kwenye kofia.

Sabina, mkwe wa Bibi, akayaona.

"Mgeni," akasema, "shati limelowa, kofia imelowa. Chungu ulikibeba kichwani. Ulipozama wewe, chungu kilibaki kinaelea hewani?"

Watu wakacheka, wakaacha kucheka. Nilitafuta uongo, na mimi uongo haunipigi chenga, lakini nilimwona Bibi amejishika kwenye fimbo, ananitazama bila hasira, ananingoja tu. Nikasema yote, hadi kiberiti.

Mzee Makuru akachukua kibuyu cha maji, akauzima moto wangu. Bibi akakaa chini taratibu mbele ya mafiga mapya. "Kule nyuma nilimwaga maji mwenyewe," akasema.

Ningependa ardhi inimeze, ila hata ardhi naona ilinionea kinyaa.

Ndipo kengele ya baiskeli ikalia. "Hodi wenyeji!" Fundi Salehe, suruali ya bwana harusi imekunjwa vizuri mgongoni, na pasi inaning'inia kwenye usukani, inafuka. "Nimekuja kumshukuru bibi wa moto. Mnashangaa nini? Nani amekufa?"

Bibi aliinuka haraka kuliko msichana. "Fundi, hiyo pasi ilizimika?"

"Izimike? Nimeilisha mkaa njia nzima, bado nina kazi ya kupiga pasi."

Mzee Makuru akasitasita. "Lakini ndani mna mkaa wake."

"Na mimi nilikuwa naulisha kinyesi cha ng'ombe," Bibi akasema. "Moto unakula, shemeji. Fungua."

Pasi ikafunguliwa. Jamani, nimeona vitu vingi kwa miguu hii, ila sijaona tena kitu kama yale makaa mekundu yakihamishwa kwa koleo, moja baada ya jingine, kutoka kwenye pasi ya mgeni hadi mafiga ya nyumba saba. Nilichokilinda kwa wivu kilikufa. Kilichonusurika ni kile nilichokinung'unikia kwa sababu kilitolewa bure, kwa mtu ambaye hatukumjua.

Mimi na fundi tulipewa chumba kimoja cha kulala. Kabla sijaingia, Bibi akaninyooshea kiganja. "Zimebaki ngapi?"

"Mbili, bibi."

"Mpe fundi."

Nikampa. Sabina akaniletea ugali, mimi wa mwisho kabisa kupewa, akaniambia nikae karibu na moto ili nikauke, na nisiguse kitu.

Tangu siku hiyo mtu akiniomba moto natoa kabla hajamaliza kuomba, hata kama njiti ni moja. Ila chungu cha mtu, hata kitupu, sibebi.