Sahani Isiyoonjwa

Ukitaka kutembea nchi nyingi kwa siku moja, njoo Ngara mjini na njaa yako. Juzi asubuhi nilikunywa chai na senene, wale panzi wa kukaanga, kwa Mhaya mmoja. Saa saba mchana nikaingia kwa bibi mmoja aliyetoka Burundi zamani, anayepika maharage ya mawese na ugali wa muhogo.

Bibi huyu hashiki desturi nusu nusu. Hakupi chakula kabla hajakionja mbele yako. Anachota kidogo, anameza, anakutazama, ndipo anaweka sahani.

Dereva mmoja wa lori, mgeni, akacheka. “Bibi, kwani kuna sumu?”

“Mjukuu wangu, asiyeonja ndiye wa kuogopwa,” akajibu. Hakucheka.

Akaonja ya dereva. Akaonja ya mwalimu aliyekaa karibu nami. Yangu akaiweka mezani hivi hivi, akafuta mikono kwenye kitenge.

Matonge yakasimama njiani kuelekea midomoni. Wote wakanitazama.

“Shikamoo bibi,” nikasema, ingawa tulishasalimiana. “Naona yangu hujaionja.”

“Marahaba. Nimeshiba, mjukuu wangu. Naonja tangu asubuhi.”

Nilikula yote, wasomaji. Kumkatalia bibi chakula mbele ya watu ni kumwita mchawi, na mimi nina adabu kuliko akili. Kilikuwa kitamu mno.

Mlangoni nikapishana na mteja mwingine. Nikageuka kuaga, nikamkuta bibi ameshampakulia yule mteja, ameshika sahani yake, anaionja.