Matanga Ambayo Hatukuketi

Nilipaswa kukataa siku wazee wa kanisa waliponituma kwa jirani yangu wa ghorofa ya juu. Sikukataa.

Alikuwa Mmarekani mweusi aliyemfuata mume Ubelgiji. Ndoa ikavunjika, yeye akabaki Saint-Gilles, mtaa wetu wa Brussels. Miaka ile ya tisini aliabudu pamoja nasi watu wa Kivu, Kongo, na tukifiwa, yeye ndiye aliyetangulia jikoni. Mimi nilikuwa nimefiwa na mke. Jumapili alinikaribisha kahawa, akakicheka Kifaransa changu, nami nikaucheka ugali wake.

"Maman, huu ni uji."

"Bon, unywe basi, tonton." Ndivyo alivyoniita, yaani mjomba.

Zilikuwa Jumapili njema. Hadi leo nikizikumbuka natabasamu peke yangu.

Kisha mama yake akafa Marekani, naye hakuwahi mazishi. Kanisani tulimwombea kidogo, tukatawanyika. Hakuna aliyekwenda kuketi kwake. Tulisema Wamarekani hawana matanga.

Siku moja, kahawa ikipoa, aliniambia kwamba halali, presha imepanda, na asubuhi anabaki kitandani akitazama ukuta. Daktari alimwambia ana sonona, apumzike.

"Nikisema nimechoka, watu wanacheka," alisema. "Hata mama yangu walimcheka hivyo hivyo. Alifanya kazi mpaka akaanguka."

Wiki iliyofuata tukapata msiba mwingine.

"Papa, enda weye, anakusikiaka," mzee mmoja aliniambia. "Akuje kupika. Ule maman ni chuma."

Nilijua kwamba si chuma. Nikapanda ngazi hivyo hivyo.

"Watu wangapi?" akauliza, akachukua aproni yake.

Alipika matanga yote. Siku ya mwisho, akikoroga sombe, yaani kisamvu, machozi yalianza kumtoka, yakakataa kukoma. Wanawake wakamwambia, "Jikaze, maman." Akaivua aproni, akanijia mlangoni, akaniwekea mikononi.

"Tonton, kwa mama yangu mliketi lini?"

Dada yake alikuja kumchukua. Huko kwao alitibiwa, akapata watu wa kukaa naye, akapona. Alinipigia simu mara moja, akaniuliza kama bado nala ugali mgumu kama jiwe. Tulicheka sana, na nilifurahi kwa dhati.

Lakini mwaka ule nilikuwa nimekusudia kumposa. Baada ya ile aproni sikuthubutu. Nimezeeka bila mke.