Stika ya Uso wa Da Zuhura

Nimekosa mimi, na sina wa kumsingizia. Jina lake halisi sitaliandika, mwiteni Da Zuhura. Ndiye aliyenipokea nilipofika Doha, akanifundisha kutandika vitanda vya hoteli mpaka shuka inyooke. Tunakaa chumba kimoja na wenzetu huko Al Wakrah, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu.

Kama uko ughaibuni unayajua magrupu yetu ya simu. Letu ni la basi la wafanyakazi linalotupeleka Lusail, Watanzania, Wakenya na Waganda, na humo hatuandiki sana, tunarushiana stika za waigizaji wa filamu Wanaijeria. Basi limechelewa? Unatuma yule mzee aliyetoa macho. Mudiri, yaani meneja, kakataa likizo? Unatuma yule mama anayegaragara chini na kilemba chake. Tunacheka, siku inasogea. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa, na nilikuwa naota nitengeneze zangu, zichekeshe Afrika nzima.

Basi, Da Zuhura alikuwa anaongea kwa video na mwanawe aliye Tanga, yuko darasa la nne. Simu ilipokatika akalia, mdomo umepinda, mtandio umemwangukia jicho moja. Mimi niko juu namwona. Jamani, badala ya kushuka nikampiga picha! Uso ule ulifanana kabisa na wa wale waigizaji. Nikaukata, nikaandika chini yake: "Supavaiza kasema choo kirudiwe."

Nikairusha stika, grupu zima hoi kwa kicheko. Hata yeye alicheka, akaniambia, "Wewe mtoto una wazimu." Nikajua yameisha.

Kumbe wapi! Ikatoka kwetu ikaingia grupu la walinzi wa Al Thumama, huko sijui nani akaituma nyumbani, mpaka ikafika Tanga kwenye simu ya bibi anayemlea yule mtoto, ile anayoichezea. Na mtoto alikuwa ameambiwa mama yake anakaa mapokezi, anavaa suti, ana raha zake.

Ijumaa tumepumzika, ujumbe wa sauti ukaingia. Da Zuhura akaufungua bila kujua, chumba kizima tukasikia.

"Mama, wenzangu wanasema huyu ni wewe. Kwani unasafisha vyoo? Nani amekuliza?"

Aliisogeza simu mdomoni. Akamjibu, sauti ya kawaida tu: "Ni mimi, baba. Na vyoo nasafisha. Sijalizwa na mtu, nilikukumbuka wewe."

Nilishuka nikamwomba msamaha huku nalia. Hakunigombeza. Alisema kanisamehe, ila alikuwa anangoja arudi amwambie mwanawe mwenyewe, wakiwa wamekaa pamoja. Tangu hapo akipiga simu anatoka nje kwenye ngazi, na joto lote hili.

Situlii jamani. Simu ikilia tu, nadhani ni ile stika tena. Kwangu nimeifuta, wa kwenye grupu nimewaomba wafute, lakini jana Mganda mmoja mgeni kwenye grupu, asiyejua kuwa ni Da Zuhura, kaituma tena. Basi zima likacheka. Da Zuhura akageukia dirishani.

Wale Wanaijeria ni waigizaji, walilia wakiwa kazini. Da Zuhura hakuwa anaigiza. Wewe unayesoma hapa, ukimwona mwenzio analia na simu iko mkononi mwako, iache. Shuka kitandani kwanza.