Sahihi ya Mkono wa Kushoto

"Kura ya Bi Lavonne imerudishwa," alisema Dot, akichambua barua zake kwenye masanduku ya posta mwisho wa barabara. "Ofisi ya uchaguzi inasema sahihi si yake. Kuna mtu kaijaza badala yake."

Akamtazama jirani yake Corinne, kisha akamtazama mtoto mchanga wa Corinne aliyelala kifuani mwake.

"Mimi simtaji mtu. Ila wewe ndiye unayeingia mle ndani kila siku."

Corinne alihisi masikio yanamwaka. Alikunja blanketi la mtoto vizuri, akavuka barabara moja kwa moja hadi kwa Bi Lavonne, mlango wa jikoni, bila kubisha.

Uchaguzi ulikuwa umepita wiki mbili. Katika jimbo lao karatasi za kura huja kwa posta. Mtu hujaza nyumbani, akatia sahihi juu ya bahasha, akairudisha, na makarani wakailinganisha na sahihi yake ya zamani.

Lavonne Teague alikuwa amepanga matufaha katika kiwanda cha kufungashia matunda miaka thelathini na mmoja. Kila Oktoba, kitabu kinene cha maelezo kwa wapiga kura kilipofika, aliwaita wanawake wa mtaa jikoni kwake, akawawekea kahawa na pai ya maboga, wakasoma kuanzia gavana, majaji, hadi yule mgombea wa bodi ya mifereji ya umwagiliaji ambaye hakuna aliyempinga. Kwenye mapendekezo ya sheria yanayopigiwa kura ndiko alikokuwa mkali. Kichwa cha pendekezo hakikumtosha, wala zile hoja za wanaounga mkono na wanaopinga.

"Nenda kurasa za nyuma kabisa," angesema. "Tazama maneno gani yanafutwa na gani yanaongezwa. Hapo ndipo utajua unaambiwa useme ndiyo kwa kitu gani."

Corinne, ambaye zamani alijaza gavana tu na kuacha mengine wazi, alijifunzia pale. Lakini Bi Lavonne hakuwahi kumwambia mtu yeye anapiga vipi. Ukimuuliza, anakukatia pai nyingine.

Agosti kiharusi kilimchukua mkono wa kulia. Oktoba akajaza kura yake kwa mkono wa kushoto, siku tatu nzima, na Corinne, aliyekuwa akija kumsaidia kila siku tangu augue, hakuruhusiwa hata kumshikilia karatasi isiteleze. Bi Lavonne aliikandamiza kwa kopo la maharage.

Sasa barua ya ofisi ya uchaguzi ilikuwa mezani, na mwanawe Gary alikuwa amesimama kando ya friji na funguo za gari mkononi.

"Mama, achana nayo. Gavana ameshajulikana. Ile kodi ya kulipia wodi ya wazazi hospitalini imeshakataliwa, tena kwa kura nyingi. Kura yako moja itabadilisha nini?"

"Nani kakwambia nataka kubadilisha?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka wanihesabu. Kama upande wangu umeshindwa, ushindwe pamoja na mimi."

"Daktari alisema usijisumbue."

"Daktari hajui kura. Keti au uende, unaniziba mwanga."

Gary akaketi.

Pembeni mwa barua palikuwa na karatasi za kufutia mikono, zimejaa mistari iliyopinda. Corinne aliona kwamba tangu asubuhi bibi huyu amekuwa akijaribu kuandika jina lake kama lilivyokuwa zamani. Hakuna hata moja lililofanana.

"Bi Lavonne, Dot anasema huko nje kwamba mimi ndiye niliye..."

"Najua anachosema Dot. Sauti yake inapita madirishani." Akaisukuma barua kwa kidole. "Soma hapo chini. Gary kaishia juu, kama kawaida yake."

Corinne akasoma polepole. Asiyeweza kutia sahihi aweke alama yake mbele ya mashahidi wawili, nao waandike majina yao. Mwisho ni Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Basi mimi na Corinne," alisema Gary, sasa kwa upole.

"Wewe ni mwanangu, watasema umenishika mkono. Nenda kamwite Dot."

"Dot? Huyo anayekusema vibaya?"

"Huyo huyo. Akitaka kujua nani kaandika, aje aone kwa macho yake. Mwambie kuna pai."

Gary akatoka akitikisa kichwa. Punde Dot akaingia, amevaa koti lake zuri, hajui aangalie wapi.

"Lavonne, mimi sikumaanisha..."

"Ulimaanisha. Kaa, uwe shahidi wa kwanza."

Bi Lavonne akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Ilitetemeka, ikadondoka, akaiokota mwenyewe. Corinne aliinuka nusu, akarudi chini. Bibi akamgeukia.

"Corinne, kuwa shahidi wangu wa pili. Mpe Gary huyo mtoto. Kisha weka mikono yako yote miwili juu ya meza, mahali Dot anapoiona, na hata nikichukua saa nzima, usinisaidie."